Banda la Mtaa wa Harrow

Kaka yangu Cleophus ana ugonjwa mmoja tu, nao ni usafi. Ameurithi kwa mama. Mama alitulea katika nyumba ya matofali yenye ngazi za marumaru mbele, kama zilivyo nyumba zote za upande huu wa Baltimore, na kila Jumamosi asubuhi tulipiga magoti barabarani na ndoo na jiwe la kusugulia, tukazisugua ngazi zile mpaka ziwe nyeupe pe. Mwenye ngazi chafu alisemwa mtaa mzima. Watu waliweza kukusamehe ulevi, waliweza hata kukusamehe kuiba mume wa mtu, lakini ngazi chafu, hapana.

Mimi nilikua nikagundua kwamba kuna maisha nje ya ndoo. Cleophus hakugundua. Ana miaka sabini na moja na bado akija kwangu huangalia ngazi kabla hajaniangalia usoni.

Kazi yake ni kuuza matunda kwa mkokoteni wa farasi, kama baba yetu na babu yetu. Zamani wachuuzi wa namna hiyo walijaa mjini. Siku hizi waliobaki hawatoshi timu ya mpira, na farasi wao wanalala kwenye banda la Mtaa wa Harrow, jengo la matofali ambalo hata babu alilikuta limeshazeeka. Majira ya baridi ya mwaka jana likabandikwa tangazo mlangoni: jengo ni bovu, litabomolewa kiangazi kikiisha. Na farasi hawaruhusiwi kuwekwa mahali pengine popote mjini.

"Likienda banda, farasi wanaenda mashambani," Cleophus akaniambia, "na mimi naenda dirishani."

"Dirishani kufanya nini?"

"Kukaa. Kuangalia magari mpaka nife."

 Mke wake amekufa, watoto hana. Ana wale farasi na ile njia yake ya mitaa. Niliingia jikoni nikajifanya naosha vyombo, na machozi yakanitoka juu ya sufuria.

Ilibaki njia moja. Tume ya majengo ya kihistoria ikiliandikisha banda, hakuna wa kuligusa. Mchungaji wetu akatuombea kwa tume, nayo ikajibu kwamba watu wake wawili watakuja kulitazama Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kisha kura ipigwe.

"Wageni," akasema Cleophus, na macho yakamng'aa. Nikajua tumekwisha.

Wiki ile tulisugua. Nasema tulisugua, kwa sababu nami nilitiwa ndoo mkononi kama mtoto. Sakafu ya mawe ambayo farasi wameikojolea miaka mia ikasuguliwa kwa jiwe lile lile la kusugulia ngazi. Kuta zikapakwa chokaa. Mbao za vizimba, zilizotafunwa kingo zake na farasi wengi mpaka zikawa na meno, akazing'oa zote akaweka mpya.

"Oretha, pembe ile bado."

"Pembe ile ina utando wa buibui wa tangu enzi za babu. Watu wanakuja kuangalia mambo ya kale, wewe unayafuta?"

"Buibui si historia. Sugua."

"Ndiyo maana marehemu mkeo alikuwa anapenda sana kwenda kanisani. Alikuwa anapumzika."

"Na wewe, mume aliyekuacha alienda wapi kupumzika?"

"Alienda kwa mwanamke mwenye ngazi chafu. Amenenepa."

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona ameacha alama ya mkono kwenye chokaa, akaifuta.

Ijumaa ndipo alipovuka mpaka. Rafiki yake mmoja mwenye shamba alikuja na trela, na Cleophus akaanza kuwapakia farasi.

"Unawapeleka wapi?"

"Wakae huko mpaka Jumapili. Wananuka."

"Ni farasi, Cleophus. Wanuke nini, waridi?"

"Mgeni akija kwako unampeleka kwanza chooni?"

Wakaingia wote isipokuwa mmoja. Huyu anaitwa Shemasi, kwa sababu ana uso wa huzuni, hana haraka, na chakula kikitoka yeye ndiye wa kwanza. Shemasi aliitazama trela, akaona si kwake, akagoma. Walimvuta, wakamsukuma, wakambembeleza kwa karoti. Karoti alikula. Mwishowe Cleophus akaamua kwamba kesho yake atafungwa kwenye uchochoro nyuma ya banda, na gunia la shayiri mbele yake ili asitoe sauti.

Jumamosi wakaja. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu, Bi Volk, mchora ramani za majengo, viatu vyake vya kazi vimechakaa. Nikampenda kwa vile viatu. Mwenzake alikuwa Bwana Prewitt, mzee mwenye tai, mpole, mwenye tabia ya kugonga kuta kwa kidole. Cleophus aliwapokea kwa suti yake ya Pasaka.

"Karibuni, karibuni. Msiogope kukanyaga, pakavu."

Banda lilikuwa linanukia sabuni. Bwana Prewitt akagonga ukuta.

"Chokaa hii ni ya zamani?"

"Hapana, bwana. Mpya kabisa. Ya Jumanne."

"Na vizimba?"

"Vipya vyote," akasema Cleophus kwa fahari. "Vile vya zamani vilikuwa vimeliwaliwa, aibu tupu. Nimetupa."

"Paa?"

"Bati. Niliezeka mwenyewe."

Kila alichojisifia kilikuwa msumari mwingine kwenye jeneza letu, naye hakuona. Bi Volk alikuwa anaona. Alikuwa akizungukazunguka na uso wa mtu anayetafuta kitu cha kukusaidia nacho asikipate. Mwishowe Bwana Prewitt akavua miwani, akasema taratibu, "Mzee Cleophus, nitakuwa mkweli. Hili ni ghala safi. Maghala ya matofali kama haya mji unayo mengi. Sioni hapa kitu ambacho kikibomolewa kitakuwa kimepotea."

 Cleophus akatazama sakafu yake nyeupe. Nikaona mabega ya kaka yangu yakishuka ndani ya suti ya Pasaka, nikamwona dirishani, kwenye kiti, na magari yanapita.

Hasira zikanipanda mpaka utosini. Sijui zilikuwa za nani: yeye, mama, tangazo, jiwe la kusugulia. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamfungua Shemasi, nikamwingiza ndani na mdomo wake umejaa shayiri.

"Oretha," Cleophus akasema, "unanivua nguo mbele ya watu."

"Nakuvisha. Ulikuwa uchi."

Shemasi hakutusikiliza. Alipita katikati ya wageni, akadondosha mavi katikati ya sakafu ile, makubwa, yanafuka mvuke, kisha akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mkokoteni uliokuwa umeegeshwa pembeni, akageuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akasimama sawasawa kati ya mipini yake miwili. Akainamisha kichwa kusubiri kufungwa. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya kazi.

Bi Volk akacheka. "Anataka kwenda wapi?"

"Kazini, mama," akasema Cleophus kwa sauti ndogo. "Leo ilikuwa zamu ya upande wa magharibi. Lakini kwa sababu yenu nime—"

"Matunda unayo?"

"Yapo kwenye baridi nyuma. Matikiti, pichi, nyanya."

"Basi twende," akasema. "Nimevaa viatu vya kutembea."

Tukaenda. Cleophus alikuwa amejiinamia kwa aibu mpaka kona ya kwanza. Hapo akasahau, akainua kichwa akapiga mwito wake, ule unaoanzia tumboni:

"Tikitiii, jekundu mpaka gandani! Pichi, njoo na kitambaa, utalowaaa!"

Madirisha yakafunguka. Shemasi alikuwa akitembea hatamu zimelegea, hakuna anayemwongoza. Akasimama mlango wa kijani. Kikongwe Ernestine akatoka na kitambaa kichwani, akachagua nyanya moja moja akizitukana. Akasimama mlango wa kinyozi; kinyozi akatoka. Kila aliposimama mlango ulifunguka, na Bwana Prewitt akaanza kukisia ni wapi atasimama tena, akawa anakosea na kufurahi kama mtoto.

Kisha tukafika sehemu ya Mtaa wa Harrow ambako nyumba zilibomolewa. Upande mmoja ni nyasi tu na chupa, na miti iliyojiotea. Shemasi akasimama pale.

Tukangoja. Hakuna mlango, hakuna mtu. Upepo ulikuwa unapeperusha mfuko wa plastiki.

"Amechoka?" Bwana Prewitt akauliza.

Cleophus akavua kofia. "Hapana, bwana. Hapa ni kwa Bi Lavinia Tubbs. Alikuwa anakaa ghorofa ya juu, na goti lake lilikuwa bovu. Ukipiga mwito ilibidi umpe muda ateremke. Alikuwa akimletea Shemasi ganda la tikiti la wiki iliyopita. Amekufa, nyumba wameivunja, miaka tisa sasa. Nilijaribu kumpitisha, hakubali. Basi simlazimishi. Akiona muda wa goti umetosha, ataondoka mwenyewe."

 Mimi niliyepita hapo maisha yangu yote nilikuwa najua habari hiyo, lakini nilikuwa sijawahi kusimama nikaingoja yote. Ni muda mrefu, goti bovu na ngazi za ghorofa mbili. Unasikia karibu kila ngazi. Kisha Shemasi akapumua kwa pua, akaondoka.

Alisimama tena mbele kidogo kwenye nyasi, kwa akina Pettiford, na tena kwenye kona palipokuwa na duka la viatu. Bwana Prewitt hakukisia tena. Kila Shemasi aliposimama, alimwuliza Cleophus, "Hapa ni kwa nani?" na Cleophus akamwambia. Tuliporudi bandani Bwana Prewitt alikwenda uchochoroni bila kuagizwa, akachambua takataka zetu akiwa na tai yake, akarudi na ubao mmoja wa zamani wenye alama za meno ya farasi.

"Huu," akamwambia Cleophus, "tafadhali urudishe mahali pake. Zote zirudishe. Na usisugue tena chochote mpaka tupige kura."

"Nisisugue kabisa?"

"Kabisa."

Ilikuwa adhabu kubwa kuliko alivyojua yule bwana.

Kura ilipigwa mwezi wa nane, katika ukumbi wenye viti vigumu. Mmoja wa wajumbe akauliza tunaandikisha nini hasa, maana kuta ni za kawaida na paa ni bati. Bi Volk akajibu kwamba tunaandikisha banda ambalo farasi wanatoka asubuhi na kurudi jioni, na kwamba likiwa tupu halina thamani hata kwake yeye. Akataka iandikwe hivyo: jengo pamoja na kazi yake. Wakabishana mpaka nikasinzia. Bwana Prewitt ndiye aliyeinua mkono wa mwisho, na mkono ule ulitosha. Cleophus alinishika kiganja akakiminya mpaka kikauma. Nje akasema, "Sasa naweza kusugua?"

"Sugua ngazi zangu," nikamwambia. "Banda liache."

Ukweli ni kwamba upande huu wa mji watu wameanza kurudi. Kwenye zile nyasi wamejenga nyumba nne za matofali, na wamezitafutia ngazi za marumaru kutoka nyumba zilizovunjwa kwingine, ili zifanane na za mtaani. Majira ya kuchipua mwaka huu nilikuwa kwenye mkokoteni na Cleophus, maana siku hizi napenda kwenda, tukafika pale. Shemasi akasimama. Mbele yake sasa kulikuwa na mlango wa buluu.

Cleophus akapiga mwito, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Mlango ukafunguka papo hapo. Akatoka msichana aliyevaa sare ya uuguzi, jina lake Tamsin, ndiyo kwanza amehamia.

"Jamani, mnakuja mpaka mlangoni?"

"Huyu ndiye anayekuja," akasema Cleophus. "Mimi nauza tu."

Akanunua matunda, akashukuru, akaingia, akafunga mlango. Mambo yote yalichukua muda mfupi sana. Shemasi hakuondoka. Alibaki ameutazama mlango ule na masikio yamesimama, na Cleophus akaacha hatamu zilegee. Tukakaa hivyo, sisi watatu, mpaka mlango ukafunguka tena.

"Kuna kitu nimesahau?" akauliza msichana. "Mbona haendi?"

"Hujasahau kitu, mwanangu," Cleophus akasema. "Anamngoja jirani yako ateremke."

"Jirani gani? Hapa naishi peke yangu."

Cleophus akavua kofia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakaa kwenye ngazi ya mtu bila kuitazama kama ni safi. Msichana akakaa karibu naye, tunda mkononi.

"Goti lake lilikuwa bovu," kaka yangu akaanza, "kwa hiyo tuna muda."