Ngazi Tisini na Mbili

Evod alishuka kutoka juu ya mnara akitikisa kichwa, na Balbina akajua kabla hajaambiwa lolote kwamba kazi imemrudia yeye.

"Mama Restituta, madungu nimeyaona, tena mengi," alisema Evod, huku akifuta jasho kwa mkono. "Lakini kumi na moja yana kitambaa cha kijani. Kumi na moja! Sasa nitajuaje lipi ni la baba Restituta?"

Balbina alitaka kulia. Mwaka juzi, parokia ilipofanya jubilei, wanawake wote walishona sare ya kitenge kimoja, kijani chenye njiwa. Sare zilipochakaa, kila mmoja akajiona ana akili kuliko mwenzake, akakata kipande na kukitundika kwenye dungu la shambani ili watu wake walitambue kwa mbali. Hakuna aliyekumbuka kwamba na mwenzake ana mkasi nyumbani.

Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya mpunga. Mpunga ukianza kubeba, lazima mtu alale humo, maana ndege hawana huruma na nguruwe ndio kabisa. Walinzi wengine wote wa madungu walikuwa wameondoka jana mto ulipoanza kupanda. Raimundi, mume wa Balbina, akasema haachi mpunga uliobakiza wiki tatu. Asubuhi saa mbili alimpigia Balbina simu nyumbani kwao Lipangalala. "Maji yamefika nusu ya nguzo. Mtafute Evod mwenye boti." Simu ikazima. Sasa ilikuwa saa tisa mchana, Balbina ameshuka kijijini Mofu kwa bodaboda na kitenge kiunoni, na maji hayakuwa yamekaa kusubiri.

"Shamba analijua aliyelilima," alisema Evod. "Panda, mama. Ulione, kisha ubaki huko juu uniongoze. Mimi nikishaingia kwenye matete sioni mbele wala nyuma, nitaona kilele cha mnara tu. Ukitandaza kitenge kulia, nakata kulia. Kushoto, nakata kushoto. Ukikiinua juu ya kichwa, nakwenda moja kwa moja. Lakini kwa mikono miwili, mama. Ukishika kwa mmoja kinajikunja, sitakiona."

"Si apande mzee Fulgensi?"

Mzee Fulgensi, mlinzi wa mnara, alicheka kidogo bila furaha. "Mwanangu, macho yangu yana mtoto wa jicho yote mawili. Hapa nakujua kwa sauti."

Mnara huo walijenga wafadhili wa hifadhi ili wageni wapande watazame tembo na ndege. Ulikuwa wa chuma, umekwenda juu kama ghorofa saba, na ngazi zake zilikuwa na matundu, eti maji ya mvua yasituame. Siku ya kuuzindua kijiji kizima kilipanda, na bibi vizee wakapanda, na padri akapanda na kanzu yake. Balbina alifika ngazi ya saba, akaketi, akarudi chini kwa makalio mbele ya watu wote. Tangu siku ile wanawake wa Mofu walimwita Mama Ngazi Saba, na aliitika, kwa sababu angefanya nini?

Woga huo alizaliwa nao. Hata dungu lao wenyewe, ambalo mtu mzima akiruka anatua salama, lilimshinda. Alilima, alipanda, alipalilia, na jua likishuka alikwenda kulala kijijini kwa dada yake. Raimundi alilala dunguni peke yake misimu ishirini na minne, wala hakuwahi kumlaumu. Balbina alimshukuru Mungu kwa mume wa namna hiyo. Leo shukrani hiyo ilikuwa imegeuka lawama. Kama angekuwa mke kama wake wengine, angekuwa naye jana, angemvuta sikio, wangeondoka pamoja.

Evod alikuwa tayari kwenye boti, anapanga maboya ya kuvaa. Alivaa moja, akatupa mengine mawili sakafuni, akawasha injini.

"Haya," alisema Balbina.

Alishika chuma kwa mikono yote miwili. Mzee Fulgensi alimfuata nyuma, taratibu, kama mtu anayepanda kitandani kwake. Ngazi ya kwanza hadi ya sita alizipanda haraka, kwa hasira. Kwenye ya saba, ile ile ya siku ya uzinduzi, alikwama. Alisimama pale, na chini ya unyayo wake, ndani ya matundu, aliona nyasi.

"Usitazame chini."

"Nitatazama wapi, na chini ndiko kuliko na kila kitu?"

"Tazama mgongo wa mkono wako. Ngazi ziko tisini na mbili. Nimezipanda miaka sita, haijawahi kupungua hata moja."

Alisali Salamu Maria, ngazi kwa ngazi, kila amina akainua mguu. Alipoteza hesabu mara mbili. Kuna mahali alikaa chini, akaukumbatia mlingoti, akasema kwamba hapandi tena, na Evod atafute njia nyingine. Mzee Fulgensi hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba injini ya Evod inasikika inaondoka. Balbina akainuka. Upande wa kulia mabati ya Mofu yalikuwa yamebaki madogo, na mbuzi aliyefungwa kwenye uwanja wa shule uliofurika watu waliokimbia maji alionekana kama punje. Ngazi za mwisho alizipanda kwa mikono na magoti, na jukwaani aliingia akitambaa.

Kule juu kulikuwa na upepo. Mnara wote ulikwenda huku, ukarudi.

"Unacheza! Mzee, mnara unacheza!"

"Umejengwa ucheze. Siku usipocheza ndiyo nitakimbia. Simama."

Alisimama akiwa amekumbatia nguzo ya ukingo, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, bonde halikuwepo. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa mpaka kwenye miguu ya milima, na juu ya maji vichwa vya madungu, vingi, vimetawanyika hovyo. Njia hazikuwepo, majaruba ya mpunga hayakuwepo. Alitafuta kile alichokijua: mivumo miwili, miti mirefu kama minazi, iliyosimama karibu karibu, na upande wa mawio wa mivumo, kichuguu kirefu. Ilikuwepo mivumo kila mahali. Mmoja. Mmoja. Mitatu. Kisha akaiona miwili, na ncha ya kichuguu iliyobaki juu ya maji, na dungu lenye kitambaa cha kijani, limeinamia upande mmoja.

"Nimeliona!" alipiga kelele. "Lakini linaanguka, mzee, linaanguka!"

Mzee Fulgensi alimvika shingoni darubini ya wageni. Balbina aliishika kwa mkono mmoja, mwingine haukubanduka kwenye chuma. Maji yalikimbia mbele ya jicho lake, kisha dungu likaja karibu ghafla, na Raimundi akiwa juu yake. Yu hai. Amevaa shati lake la kaki, amechuchumaa, anapunga ndoo. Balbina alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka. Yu hai, mjinga yule, mpenda mpunga.

Raimundi akaweka ndoo chini, akageuka, na nyuma yake akainuka mtu mwingine.

Jirani aliyeogelea kuja hapo, alifikiri Balbina. Angalau hayuko peke yake. Mtu huyo alikuwa mwanamke, kijana, amejifunika koti la mvua la Raimundi. Kwenye kamba ya dungu kulikuwa na khanga mbili zimeanikwa, na sufuria kubwa, na kikapu cha nguo. Mtu aliyeogelea haji na kikapu cha nguo. Raimundi alimvuta yule mwanamke karibu, akamfunga kifungo cha koti shingoni, taratibu, na akamtengenezea kola. Hivyo hivyo humfanyia Balbina wakienda misa ya alfajiri.

"Umemwona?" aliuliza mzee Fulgensi.

"Nimewaona."

Mzee hakuuliza ni akina nani. Mtu yeyote angeuliza. Balbina akamgeukia, akaona uso wa mzee ulivyoinama, akakumbuka Evod alivyotupa maboya mawili sakafuni kwa ajili ya mtu mmoja. Kumbe wote walijua. Kijiji kizima kilijua, kikamcheka kwa ngazi saba tu, kwa heshima.

Huko chini boti ilikuwa imeingia kwenye matete. Aliweza kuona mstari wake, unakwenda kushoto, kushoto zaidi, moja kwa moja kwenye mkondo mkubwa ambako maji yalikuwa yanabeba magogo mazima. Evod alikuwa amegeuza shingo, anatazama mnara, anasubiri.

"Mama Restituta," alisema mzee. "Naisikia injini inakwenda kubaya."

Mikono ya Balbina ilikuwa imekishika chuma, na hapo akagundua jambo lililomtisha kuliko urefu wote ule. Hakuhitaji kufanya lolote. Angebaki tu hivyo alivyo, ameganda. Nani angemlaumu? Wangesema maskini, Mama Ngazi Saba, alijitahidi, woga ukamzidi. Evod angerudi akikosa njia. Yeye ni mvuvi, angejua kujiokoa. Maji yangemaliza mengine. Raimundi angechukuliwa na maji, angeliliwa na kusomewa misa, na Balbina angevaa nyeusi akiwa na haki yake yote. Aliliwaza hilo lote, mpaka mwisho, na moyo wake haukulikataa upesi.

Kilichomwinua hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira, tena ya moto. Angekufa vile? Afe mume mwema, msimu wa ishirini na nne, asiwahi kuulizwa swali hata moja? Hapana. Alimtaka arudi. Alimtaka hai, mkavu, ameketi kwenye kiti, anamtazama usoni.

Aliachia mkono wa kulia. Mnara ukaenda huku, ukarudi. Akaachia wa kushoto, na kwa muda ule hakuna kitu duniani kilichokuwa kimemshika. Alifungua kitenge kiunoni, akakitandaza kwa mikono miwili, akaegemea kulia kwa mwili wote, tumbo limegota kwenye ukingo, akilia kwa sauti bila kuona aibu. Mstari kwenye matete ukasita. Ukakata kulia.

"Amegeuka," alisema mzee, sikio limeinama.

Kulia tena. Kisha kichwani, moja kwa moja. Mikono ilimwaka, upepo ulikuwa unakivuta kitenge na kumvuta yeye pamoja nacho, na mzee Fulgensi alimshika nyuma ya gauni kwa ngumi mbili. Kushoto kidogo. Moja kwa moja. Boti ikatoka kwenye matete karibu kabisa na mivumo. Alimwona mwanamke akishushwa kwanza, kisha Raimundi akaruka. Haikupita muda, dungu likalala upande, polepole, likaenda na kila kitu kilichokuwa ndani yake.

Balbina alishuka ngazi zote tisini na mbili kwa kinyumenyume, bila kusali. Alipofika chini aliketi juu ya jiwe.

Boti ilipogusa nchi kavu, yule mwanamke alitoka wa kwanza. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye darubini, labda amempita binti yao Restituta miaka miwili. Alimwona Balbina, akasimama. Kisha akapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Balbina. "Inuka, una baridi. Nenda shuleni, kuna moto."

Raimundi alipita kando yao bila kuinua macho, akaenda moja kwa moja kwa mzee Fulgensi, akamshika mikono yote miwili. "Mzee, Mungu akubariki. Bila wewe kule juu tusingefika."

"Mimi?" alisema mzee Fulgensi. "Mimi sioni hata vidole vyangu. Aliyekuwa juu ni mkeo."

Raimundi aligeuka. Alitazama kilele cha mnara, akamtazama Balbina, akatazama tena kilele, na Balbina aliona uso wake ukipiga hesabu ya nini kinaonekana kutoka kule.

"Sogea, keti hapa," Balbina alimwambia, akampisha nafasi juu ya jiwe. "Nimekuleta useme. Sasa sema."