Watoto wa Ng'ambo ya Korongo

Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka milimani, juu ya Gonja, tukapewa viwanja katika kijiji kipya cha ujamaa huko chini tambarare, upande wa Kihurio. Baba yangu, Eliufoo, aliiacha migomba na kahawa yake. Mama yangu, Rahabu, alishuka na Biblia kichwani ndani ya kapu la vyombo, na mdogo wangu Wema mgongoni. Wema alikuwa bado mdogo, hajaanza hata kupata marafiki. Mimi, Dorkas, nilikuwa darasa la sita.

Kabla ya kuolewa, Mama aliwahi kuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya Kilutheri Gonja. Kwa hiyo hatukukaa sana kule chini kabla wanawake hawajaanza kumwita wakishikwa na uchungu. Tulipojenga kanisa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa watu wa kufanya kazi, yeye ndiye aliyekandika ukuta wa madhabahuni, udongo umemfika viwikoni, anaimba.

Ng'ambo ya korongo lililopita kando ya kijiji kulikuwa na kambi ya wakata mkonge, watu waliotoka Kigoma, Songea na Singida. Watu wetu hawakuchanganyikana nao. Masika iliyofuata, surua iliingia kambini, na mvua ikawa imekata barabara ya kwenda hospitali. Mama alikuwa shambani alipotokea mwanamke mmoja aitwaye Zaituni, mke wa mkata mkonge kutoka Kigoma. Alikuwa amembeba mwanawe Sefu, macho ya mtoto yamegandana kwa usaha.

"Wako wengine?" Mama alimuuliza.

"Wamejaa, mama. Mabanda yanavuja. Jana tumezika."

Mama aliweka jembe chini. Jioni ile alikwenda kwa Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa, kumwomba watoto walazwe kanisani.

"Mama Dorkas, ile ni nyumba ya ibada," mzee alisema. "Na wale wengi si Wakristo."

"Ni kweli, mzee. Lakini ile haivuji."

Mzee alitazama mvua nje. Kisha akasema, "Basi mabenchi yatolewe nje."

Mama akahamia huko, akakataa kulala nyumbani asije akatuletea ugonjwa. Aliwaosha watoto macho kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, akawanywesha uji mwepesi, akatundika kanga madirishani ili mwanga usiwaumize. Baba alikuwa akimpelekea chakula na kukiweka mbali, juu ya jiwe. Siku moja Wema alimlilia Mama mpaka Baba akaenda naye. Alipomwona Mama mlangoni, alijichomoa mkononi mwa Baba akakimbia.

"Mrudishe! Baba Dorkas, mrudishe!" Mama alipiga kelele huku akirudi nyuma. Mtoto alimfuata hadi ndani, akamkumbatia miguu.

Wiki mbili hazikupita, Wema akapata homa. Mama alimuuguza palepale, katikati ya wale wengine. Ugonjwa ukashuka kifuani. Alikufa asubuhi Mama amempakata, na wanawake wa kambini wamekaa wakiwazunguka, hakuna aliyenyanyuka.

Tulimzika nyuma ya nyumba yetu. Baba hakumtazama Mama. Alisema tu, mbele ya watu, "Umeponya wa wenzio."

 Mama aliingia ndani, akajilaza mkekani, akageukia ukuta. Hakuimba wala hakusali. Sijawahi kuogopa nyumba yetu kama nilivyoiogopa siku zile.

Kisha Zaituni akaja. Alisimama uani bila kubisha hodi.

"Sikuja kumwita," aliniambia. "Nimekuja kukaa naye. Sefu amefumbua macho, lakini naona haya hata kulisema."

Mama alisikia. Akatoka, anafunga kitambaa kichwani. "Anakula?"

"Kidogo."

"Na yule binti aliyekuwa akikohoa?"

"Yule bado, mama."

Baba alikuwa ameketi kando ya zizi la mbuzi. Aliponyanyuka nilidhani anakuja kumzuia. Badala yake alichukua ndoo za maji.

"Mkono uliomwachia mtoto ni wangu, Rahabu," alisema. "Twende."

Niliwaona wakielekea kanisani, Mama mbele, Baba nyuma, Zaituni akifuata kwa mbali.

Mvua ilipopungua, muuguzi alifika na dawa. Wengi walipona, si wote. Mwaka uliofuata kijiji kilijenga zahanati, na wakata mkonge walivuka korongo siku zao za mapumziko kubeba mawe pamoja nasi. Mama alihudumu pale hadi moyo wake ulipomshinda, akafariki mwaka 1982.

Ndugu wa ukoo walishuka wakitaka kumrudisha milimani. Baba aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Nawashukuru," aliwaambia. "Lakini atalala na mwanawe hapa."

Hakuna aliyembishia. Jeneza lilibebwa kwa kupokezana, watu wa ukoo na watu wa kambini. Wanawake wa kanisa walipoanza wimbo, Zaituni, ambaye hakujua maneno yake, alikuja akasimama kando yangu, akaufuata kwa sauti ya chini, mdomo umefumbwa, hadi udongo wa mwisho ulipotiwa.