Kiondo cha Jumapili ya Mbegu

Mimi nina mdomo, na hilo halihitaji shahidi. Hapa kwetu, nje kidogo ya Mutomo, ukimwulizia Kasyoka, Mama Jonah, utaambiwa ni yule mwenyekiti wa akina mama kanisani, yule anayeomba mpaka uji unapoa. Mwaka jana mdomo huo huo ulimwambia jirani yangu neno ambalo leo linaniuma mimi.

Ilikuwa Jumapili ya mbegu. Kila mwaka, kabla ya mvua ya mwezi wa kumi, tunabeba mbegu zetu kanisani, tunaziweka mbele ya madhabahu, pasta anaziombea, halafu kila mtu anarudi nazo nyumbani kuzipanda kwenye udongo mkavu. Ndiyo, mkavu. Huku ukingoja ardhi ilowe ndipo upande, umechelewa, kwa sababu mvua yenyewe ni ya siku chache. Unazika mbegu vumbini, unamwachia Mungu.

Jumapili hiyo Wayua, jirani yangu, alikuja mikono mitupu. Alikuwa amepika mbegu zake za ndengu. Tulipotoka nje, mbele ya akina mama wote, nikamwambia, "Wayua, wewe hukula ndengu. Ulikula imani yako." Wengine walicheka. Yeye alifunga leso yake vizuri, akaenda zake. Nami nilijiona nimesema kitu cha maana sana.

Basi sikilizeni yaliyonipata.

Mvua ya mwezi wa kumi haikuja. Ya mwezi wa nne ilinyesha siku mbili ikatuaga. Mbuzi walibaki ngozi na mifupa. Mwanangu Jonah alisimamishwa kazi huko Athi River, akaniletea watoto wake wawili, akarudi kutafuta kibarua. Nikaomba. Nikafunga siku tatu bila hata maji. Nikaomba tena. Mungu alikuwa kama mtu ambaye simu yake inalia na haishiki. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nasimama mbele ya akina mama, natoa sauti ile ile ya siku zote, na ndani hakuna kitu. Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi. Nilikuwa nasema "Bwana asifiwe" huku nimemnunia.

Mwezi wa tisa, jioni moja, mjukuu wangu Nzilani aliniuliza, "Susu, leo tunakula?" Hakuuliza tunakula nini. Nilishusha kibuyu cha mbegu za akiba kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko, nikaziosha zile ndengu kuondoa jivu la kuzuia wadudu, nikabandika sufuria. Zilitulisha karibu wiki mbili. Zikabaki konzi mbili.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na Wayua yuko pale ng'ambo ya ua?

Asubuhi ya Jumapili ya mbegu mwaka huu nilishuka mtoni, mto wenyewe mkavu, nikachota mchanga. Nilijaza kiondo nusu, nikatandika kipande cha leso juu yake, na juu ya leso nikamwaga zile konzi mbili. Ukichungulia, unaona kiondo cha ndengu. Nilijua mambo yanavyokwenda: kiondo kinaombewa, kinarudi nyumbani, na hakuna anayetia mkono kwenye kiondo cha mwenyekiti. Kitu nilichosahau, mimi mkulima wa miaka arobaini, ni kwamba mchanga ni mzito kuliko ndengu. Nilifika kanisani kamba ya kiondo imenichimba kipaji cha uso na shingo inaniuma.

Pasta Mbaluka alisimama. Badala ya kuanza maombi, akasema, "Mwaka huu wengi hawana mbegu, na si aibu. Walio nazo wazimwage kwenye karai hili. Tukishaomba, kila nyumba itapata kikombe kimoja. Wayua, njoo utushikie karai. Mama Jonah, wewe ndiye mwenyekiti, anza."

Ai! Wayua alitoka benchi la mbele. Mwaka huu pia hakuwa na kitu, na alikuwa amekaa hapo hapo mbele, mikono mitupu mapajani, kila mtu amwone. Nikasimama na kiondo changu. Kutoka mahali pangu hadi madhabahuni ni hatua kumi hivi, na siku hiyo nilitamani ziwe elfu.

Nilipokiinua, Wayua aliweka mkono chini yake kunisaidia, na papo hapo nikaona uso wake umebadilika. Mwanamke aliyebeba ndengu maisha yake yote hadanganywi na uzito. Akatia mkono ndani, akaigusa ile leso, akaubonyeza mchanga ulio chini yake. Akaniangalia machoni.

Neno moja tu lingetosha. Angenirudishia yale yale yangu, tena kwa haki kabisa, na ningechekwa mpaka Krismasi.

Wayua aliwageuzia watu mgongo. Akazoa zile konzi mbili kwa viganja vyake, akazimimina karaini, akakunja leso juu ya mchanga na kunirudishia kiondo. "Mungu akubariki, Mama Jonah," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. Halafu polepole, "Nenda ukae."

Nikaenda. Nilipofika katikati, nikasimama. Aliyenisitiri ni yule niliyemvua nguo mbele za watu. Miezi mitano nilikuwa nalalamika kwamba Mungu hanioni. Sasa nilikuwa nimeonekana mpaka chini ya kiondo, na hakuna aliyenipiga.

Nikarudi mbele. Nikatoa leso, nikapindua kiondo. Mchanga ulimwagika sakafuni mbele ya madhabahu, na vumbi likapanda mpaka kwaya ikakohoa.

"Nilikula mbegu zangu," nikasema. "Wajukuu walikuwa na njaa, hata mimi nilikuwa na njaa. Mwaka jana nilimwambia Wayua amekula imani yake. Wayua, nisamehe. Na nyinyi wengine nisameheni. Kuomba kwenyewe siwezi tena. Miezi hii yote nawaombea kwa mdomo tu."

Hakuna aliyecheka. Wayua aliweka karai chini, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na mafagio mawili.

"Mchanga huu hautajitoa," akasema, akanipa moja.

Tukafagia, mimi na yeye, kanisa zima linatutazama. Machozi yalinitoka hata sikuona ninapofagia.

"Mwaka jana ulilia?" nikamwuliza tukiwa tumeinama.

"Nililia sana. Nikamwambia Mungu yote. Nilimwambia hata kwamba wewe unaniudhi."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu," akajibu Wayua. "Lakini kesho yake nikamwambia tena."

Jumatatu tulipanda pamoja, kikombe changu na kikombe chake. Tulianza kwangu. Udongo ulikuwa unafuka vumbi kila jembe likigusa, na juu hakukuwa na wingu hata la dawa. Nzilani alitufuata na kopo la mbegu, akihesabu punje mbilimbili kwa kila shimo, kwa sababu nilimwambia zikizidi mbili nitamchapa.

Kabla ya kufukia shimo la kwanza, Wayua aliegemea jembe lake, akaningoja. Kila mtu huku anajua kwamba shambani kwangu ni mimi ninayeomba, na ninaomba kweli kweli, kuanzia Mwanzo hadi jua likuchome utosi.

"Omba wewe," nikamwambia.

Aliniangalia kidogo, halafu akafumba macho. "Mungu, unatuona. Mbegu ni hizi tu. Amina."

Nikangoja aendelee. Nilipofumbua macho alikuwa ameshainama, anafukia.

"Amina," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nilikuwa namaanisha. Nikashika jembe, nikamfuata kwenye mstari, na jua lilikuwa kali vile vile.