Msomaji Mmoja wa Nyamasoko

Ndoto hii aliiota Minza, nami naisimulia kwa sababu yeye mwenyewe hataki tena kuitia kinywani. Mkiona nimeichanganya na hasira zangu, nisameheni, au msinisamehe. Hasira ninazo nyingi na sikuzipata shuleni, maana shule yenyewe niliiona zaidi kwa nje. Naikumbuka siku uzio wa Kampuni ya mgodi uliposimamishwa Nyamasoko. Nakumbuka kwamba kabla ya uzio walikuja vijana wenye mashati meupe na tepu za kupimia, wakasema wanatuhesabu kwa nia njema, ili kila kaya ijulikane na asipunjwe mtu, na mama zetu wakawakaangia karanga. Hesabu ile ile ndiyo iliyowaonyesha wabomoaji ni nyumba ipi yenye mwanamume msumbufu, ili waanze na hiyo. Basi mtu akinitajia takwimu, mgongo wangu unasisimka. Minza wakati huo alikuwa amebebwa mgongoni. Yeye hakumbuki. Watoto wetu hatukuwasimulia ya kutosha, tulikuwa tunatafuta pa kulala.

Sasa Minza ndiye msimamizi wa tovuti ya chama chetu cha waliohamishwa. Ofisi iko mjini, chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na kazi ameijua kwa kuchokonoa mwenyewe mpaka macho yakawa mekundu. Kwenye tovuti hiyo watu husimulia waliyotendwa na walinzi wa mgodi: aliyevunjwa mkono kwenye lundo la mawe ya taka, aliyechaniwa nguo mbele ya wanawe. Majina yamefichwa. Lakini Nyamasoko watu wana vitochi tu, simu za kubonyeza zisizofungua chochote. Kwa hiyo huenda kwa Masalu, mwenye banda la mabati la kuchajia simu pale sokoni, wakaacha simu zao kwenye chaji, kisha wakasoma tovuti kwenye simu kubwa ya Masalu, kwa zamu, mkono kwa mkono. Asiyejua kusoma husomewa naye. Mwenye la kusema hukaa kwenye kreti lililopinduliwa akalisema, naye Masalu huliandika na kulituma. Soko zima linasoma hivyo, kwa simu hiyo moja.

Wafadhili wakapiga simu. Wakauliza, kwa sauti ya upole inayokera kuliko tusi, hao maelfu mnaowasema wako wapi, mbona mtambo wa kuhesabu wageni unaonyesha Nyamasoko mnasomwa na mtu mmoja? Minza akaona aibu. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, pale msimamizi anapoamua mgeni wa tovuti afuatiliwe kiasi gani. Swichi nyingi alizikuta zimeshawashwa tangu siku ya kwanza, na zilizobaki akaziwasha: kitambuliwe kifaa kinachorudi, ionyeshwe sehemu kilipo kwenye ramani, ihesabiwe kila ziara na kila ukurasa, kumbukumbu zitunzwe bila kikomo. Alitaka tu tuonekane wengi. Naye mwenyekiti wetu, Mama Holo, akaamuru ripoti ya hesabu hizo, na ramani yake, iwekwe ukurasa wa mbele kabisa, kila mtu aione. "Na Kampuni nao waone," alisema. "Watapike."

Siku ya ndoto, Mama Holo alipanda ngazi za ofisi akihema, akaegemea meza ya Minza kutazama ramani.

"Binti yangu, bado ni kidoa kimoja?"

"Kimenenepa, Mama. Ziara ni nyingi mno. Lakini mtambo unasema ni mgeni yule yule."

"Basi mtambo wenu ni zezeta. Mimi peke yangu nimeshika ile simu ya Masalu mara ngapi? Au mimi si mtu?"

"Ni mtu, Mama. Lakini mtambo hauoni mtu, unaona simu."

"Na hiki kidogo, hapa juu ya kilima?"

"Hicho kipya. Kimeanza juzi. Kinafungua ripoti yetu asubuhi na jioni."

Mama Holo akapiga makofi. "Umeona sasa! Tumepata msomaji mwingine. Usikate tamaa." Akashuka ngazi akiimba. Minza akabaki na ramani. Joto la alasiri lilikuwa limejaa harufu ya magodoro mapya. Akaweka shavu juu ya vitufe vya kompyuta inayonguruma, akasema afumbe macho kidogo tu, na usingizi ukamchukua.

Akajikuta amesimama katika nchi ya majivu. Si majivu ya moto uliokufa, bali majivu laini kama unga uliochekechwa, yaliyotanda mpaka mbingu zinapoinama, na kila aliyekanyaga aliacha wayo uliobaki kama umechongwa kwenye jiwe. Upepo ulipita juu ya nyayo hizo bila kuzigusa, kama mtumishi anayeogopa mali ya bwana wake. Mbele yake palikuwa na lango refu, na milango yake yote wazi, na kwenye kiti cha uvivu pale langoni alijilaza mwanamume mnene, mwenye uso mwema kabisa, anayejipepea kwa kipepeo cha ukili. Alipoulizwa jina alijibu kwamba yeye ni Kama-Ulivyokuta. "Pita, dada, pita. Mimi simlazimishi mtu," alisema. "Milango niliikuta wazi, nikaiacha wazi. Kufunga ni kazi, na wageni wangu wote ni watu wenye shughuli." Ubavuni mwake alisimama binti mwembamba aitwaye Ridhaa, ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza kila anayeingia kama anakubali nyayo zake zitunzwe, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na maneno aliyopewa kuyasema yalikuwa marefu kama kesi ya mahakamani, na watu walimpita wakisema ndiyo, ndiyo, haya ndiyo, wakitazama kwingine. Naye Minza akasema ndiyo. Binti yule alilia, na hakuna aliyegeuka.

Ndani ya lango akapokewa na mwanamke mtu mzima aliyejifunika khanga iliyokatwakatwa, kipande hapa hakipo, kipande pale hakipo, na sehemu zilizobaki amezishika kwa vidole visiponyoke. "Mimi ni Sitara," alisema. "Nilikuwa mkubwa katika nchi hii. Nilifunika mgonjwa na mwombaji, nilifunika wanandoa, nilimfunika anayesema kweli kuhusu mwenye nguvu kuliko yeye. Kila mwenye sababu nzuri huja na mkasi wake, akaomba kipande kidogo tu. Twende, nikuonyeshe uliyoyajenga."

"Mimi sijajenga kitu hapa," Minza alisema.

"Twende," Sitara alisema, na hakumbishia.

Wakafika kwenye jumba lililong'aa, na ndani yake alikaa malkia Takwimu, mzuri wa kutisha, shingo imezama katika shanga, na kila wayo ulioachwa nje uligeuka kuwa ushanga mkononi mwake. Hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililomtia Minza uchungu. Alimkaribisha, akamwonyesha shanga za Nyamasoko, akamwambia kwa fahari, "Tazama mlivyo wengi! Kila mmoja nimemtia uzi wangu." Lakini nyuma ya kiti chake alisimama mumewe, Udadisi, mtu asiye na kope, ambaye macho yake hayajawahi kufumba, na kila ushanga uliposhuka kwenye shingo ya mke, yeye aliunyanyua, akautazama ndani, akanong'ona kwa watu waliosimama mlango wa nyuma. Minza akauliza hao ni nani. Malkia akacheka. "Sijui. Mlango wa nyuma si wangu. Mimi nahesabu tu." Naapa, wasomaji wangu, sentensi hiyo nimeisikia nikiwa macho, katika ofisi zenye feni na bendera, kwa watu waliovaa tai: mimi nahesabu tu.

Nyuma ya jumba, kwenye nguzo, alifungwa mzee mwenye ufagio, amekauka midomo. Huyu, Sitara alieleza, ni Usahaulifu, ambaye zamani alitembea kila jioni akifagia nyayo za siku nzima, ili watu walale bila kufuatwa na walikopita jana. Nami niseme hapa, kwa kuwa mnanijua kuwa mtu nisiyesahau: kumbukumbu ya mnyonge ni silaha yake pekee, kunyang'anywa hiyo ni kufa. Lakini ipo kumbukumbu nyingine, ya bwana, isiyokumbuka alichotenda yeye, inayokumbuka tu tulikopita sisi. Kwa hiyo ya pili, mzee huyu alikuwa rafiki yetu. Minza akainama kumfungua, na vidole vikaganda, kwa maana fundo la kamba lilikuwa lile analolifunga yeye mwenyewe kila siku kwenye mfuko wake wa chakula, vitanzi viwili na mkia upande wa kushoto.

"Fungua sasa," mzee alisema. "Nitafagia za kesho. Za jana zimeshabebwa."

Hapo ndipo alipozitazama nyayo zenyewe. Zilikuwa maelfu, zimezunguka, zimerudi, zimekanyagana, lakini zote zilikuwa za katambuga moja, zile ndala za tairi la gari, na tairi lenyewe lilikuwa na ufa kwenye kisigino cha kulia. Akaona jinsi ilivyokuwa: umati mzima wa Nyamasoko ulivaa katambuga hizo kwa zamu, huyu akivua, yule akivaa, wazee kwa akina mama, kila mmoja akienda kusema lake na kurudi. Lakini majivu hayakujua zamu. Majivu yalijua mtu mmoja, aliyesema yote, aliyesoma yote, aliyewashtaki walinzi wote. Na nyayo za mtu huyo mmoja zilipomaliza kuzunguka zilielekea kwenye mlango mmoja, mlango mdogo wa mabati, na juu ya kilima taa ilikuwa imewashwa, na watu wa mlango wa nyuma walikuwa wanateremka wakiwa wameinamisha vichwa, wanazifuata taratibu, bila haraka yoyote.

Minza akapiga magoti akaanza kufuta. Alifuta kwa viganja, akafuta kwa viwiko, akafuta kwa nywele zake. Na kila alipofuta wayo, viganja vyake viliacha alama mpya pembeni, zikionyesha njia ile ile kwa vidole vitano. Akamlilia Sitara amfunike aliye nyuma ya mlango ule. Sitara akakunjua alichobakiza, na kilikuwa kitambaa kisichotosha kufunika jicho.

"Ungeniita ulipokuwa unawasha," Sitara alisema, bila ukali, na hilo likauma zaidi. "Wakati ule nilikuwa naweza."

Minza akaamka. Shavu lilikuwa na alama za vitufe, na jua bado lilikuwa dirishani. Hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Akakivuta karibu kile kidoa cha pili kwenye ramani, kile alichokipigia makofi Mama Holo, akakikuza, akakikuza tena, mpaka akaona kimekaa ndani ya uzio, pale penye ofisi za Kampuni. Msomaji wetu mpya. Anayefungua ripoti asubuhi na jioni, anayetazama kidoa kinene sokoni, na saa za kila ushuhuda uliotumwa kutoka hapo.

Akazima swichi zote. Akarudia kuzikagua hata zilizokuwa zimeshazimwa. Akaiondoa ripoti ukurasa wa mbele. Akabonyeza pa kufuta kumbukumbu, na mtambo ukamjibu kwa adabu: mabadiliko haya yatahusu wageni wapya, taarifa zilizokwisha kupakuliwa na wengine haziwezi kurudishwa. Akampigia Masalu.

Masalu aliitika akicheka, maana ni mtu wa kucheka. "Dada Minza! Leo umetukumbuka. Hapa pamejaa mpaka nje."

"Masalu, nisikilize. Funga banda, uondoke. Sasa hivi. Ile simu usiende nayo, itupe."

"Niitupe? Simu ya watu?"

"Wamejua ni wewe. Ni mimi nimewaonyesha, Masalu. Sikukusudia, lakini ni mimi. Ondoka."

Nyuma ya Masalu zilisikika sauti za soko, mtu akipandisha bei ya dagaa, mwingine akimtania. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Sasa dada, nitaondokaje? Nina simu za watu kwenye chaji hapa, meza nzima. Mwenye simu akija asinikute, ataniitaje? Mwizi. Ngoja wazichukue, nitafunga."

"Masalu, waachie tu!"

"Hebu subiri, nina wateja. Kuna mabwana wawili wamesimama hapa, hawana simu ya kuchaji, wanaangalia angalia tu." Akaweka mkono kwenye simu, lakini Minza alimsikia akiwaambia, kwa ukarimu ule ule wa siku zote, ule ule wa mama zetu na karanga zao, "Karibuni, wakubwa. Mnamtafuta nani?"