Randa Anunua Pikapu

Fundi seremala huyu wote walimwita Randa, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa kiziwi tangu homa kali ya utotoni. Kwa kuwa hakusikia kelele za watu, alizoea kuwatazama usoni mpaka wenyewe wakaona haya. Alikuwa na karakana yake ya milango na vitanda, mafundi watatu chini yake, na donda moja lisilopona: usafiri. Kila mlango alioutengeneza ulibebwa na pikapu ya kukodi, na kila pikapu ya kukodi ilikuja kwa kuchelewa na kuufikisha mlango umekwaruzika. Mteja hakumlaumu dereva. Alimlaumu Randa.

Alipoamua kununua gari, aliamua kununua jipya.

"La mtumba nitalitengeneza mpaka nizeeke nalo," alimwambia mdogo wake wa kike kwa mikono. "Nimechoka kurithi matatizo ya watu. Safari hii nataka matatizo yangu mwenyewe."

Mdogo wake alikuwa mpokezi wa zahanati, na kazi yake kubwa ilikuwa kulainisha maneno. Daktari akiwa bado amelala kwake, yeye huwaambia wagonjwa yuko njiani. Lugha ya alama aliijua kabla ya kujua kusoma, na popote kaka yake alipokuwa na jambo zito, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wake. Huko nako alilainisha. Makali ya kaka yake yaliingia machoni mwake, yakatoka mdomoni yakiwa butu. Kwake huo ulikuwa wema.

Basi asubuhi moja wakaenda kwenye duka la magari, jumba la vioo lenye sakafu unayoweza kujiona ndani yake. Pikapu nyeupe ilikuwa katikati, magurudumu yake yamepakwa dawa ya kung'arisha. Muuzaji aliyewapokea alikuwa na viatu vilivyochongoka, na manukato yake yalifika kabla yake.

"Karibu dada. Tunamtafutia shemeji gari?"

"Ni la kaka yangu huyu," dada akasema. "Ndiye mnunuzi. Yeye ni kiziwi, mimi namtafsiria."

"Aaa." Muuzaji akamgeukia Randa na kupaza sauti kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. "KARIBU SANA MZEE."

Randa, ambaye hakuwa mzee, akampa mkono. Kisha akalizunguka gari. Alifungua bodi la nyuma, akalala chini na suruali yake safi akatazama uvungu, akakaa kwenye usukani. Aliporudi na wote kuketi mezani, aliuliza bei.

"Milioni thelathini na nne," muuzaji akamwambia dada.

Mikono ya Randa ikaenda haraka. Dada akatafsiri: "Anasema, samahani lakini, jirani yake fundi bomba alinunua kama hili hapahapa mwezi uliopita kwa thelathini na moja. Labda mnaweza kumfikiria."

Randa hakuwa amesema samahani, wala labda.

"Bei zimepanda," muuzaji akasema. "Halafu kuna jambo la usalama. Kwa mtu wa hali yake, sisi tunaweka taa za ziada, kioo kipana na kengele ya kutetemesha kiti. Bila hivyo roho yangu haitatulia. Hata leseni, sijui walimpaje. Vyote hivyo, milioni moja tu juu."

Mikono ya dada ikasema: "Bei imepanda. Kuna vifaa vya ziada, milioni moja."

Randa alimtazama muuzaji, akamtazama dada yake, akatikisa kichwa polepole.

"Yeye amesema maneno mengi," alisema kwa mikono. "Wewe umenipa machache. Mengine yamekwenda wapi?"

"Si ya maana."

"Mimi ndiye nitakayejua kama yana maana. Na ukimwambia yangu, usiyapunguze makali. Mbao nalainisha mwenyewe."

Muuzaji alidhani wanashauriana, tena kwamba mambo yanamnyookea. Akasogeza kiti, akainama kwake na kushusha sauti, ingawa aliyekuwa akimficha asingesikia hata kwa tarumbeta.

"Dada, tuongee sisi tunaosikilizana. Hili usimtafsirie. Wewe mwambie thelathini na tano ndiyo ya mwisho, mkikosa hapa hampati tena. Akisaini, na wewe nakutoa. Hutaondoka mkono mtupu. Yeye atajuaje?"

Akangoja, anatabasamu.

Dada aliitazama mikono yake ikiwa imelala mapajani. Miaka yote aliamini anamkinga kaka yake na vumbi la maneno ya watu. Sasa alikaa hapo, vumbi lote limemjaa yeye, na mtu anamlipa alimeze.

Akainua mikono. Akatafsiri yote, bila haraka, neno kwa neno. Sisi tunaosikilizana. Usimtafsirie. Nakutoa. Atajuaje. Alipofika mwisho akarudi nyuma, akamwambia na lile la hali yake, na la leseni. Muuzaji hakujua alama hata moja, lakini alimwona akimnyooshea kidole, akamwona akishusha mabega na kuinama vilevile alivyoinama yeye, na tabasamu likaanza kumtoka.

Randa alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha mtu asiyejua kinafika wapi, na watu wote mle ndani wakageuka. Kisha akaacha kucheka na kuanza kusema, na dada akasimama ili amtafsirie vizuri.

"Mimi natoa thelathini na moja," dada alisema. Hakusema "anasema". Hakusema "labda". "Aliyolipa jirani yangu. Taa zako na kengele zako sizitaki, nina macho na nimeendesha magari ya wenzangu miaka kumi bila kumgonga mtu. Leseni nilipewa kwenye jaribio walilofeli wenye masikio. Wewe umetaka kumnunua dada yangu kwa pesa yangu mwenyewe. Sasa niitie mkubwa wako."

"Dada, taratibu. Hayo ni ya kwako au ya kwake?"

"Ni ya kwake. Ningekuwa mimi ningesema mabaya zaidi."

Meneja alitoka kwenye ofisi yake ya vioo. Alikuwa mama mtu mzima, miwani juu ya kichwa. Alisikiliza, akamtupia muuzaji jicho, akasema kuna kutoelewana kidogo tu. Angeweza kuondoa vifaa na kufika thelathini na tatu. Heshima kwa mteja.

"Heshima siyo punguzo," Randa akajibu, na dada akalitoa hilo kama lilivyo. "Mwezi jana gari hili lilikuwa thelathini na moja kwa mtu anayesikia. Niambie ni kitu gani kimebadilika, zaidi ya masikio ya mnunuzi."

Meneja alisema bei za duka haziko mikononi mwake. Randa akainuka, akafuta vumbi la uvungu wa gari kwenye goti, wakatoka.

Nje, kwenye jua, dada alikuwa anatetemeka.

"Unaogopa?" Randa akauliza.

"Hasira."

"Vizuri. Nilidhani hukupewa."

Nyumbani mama yao hakufurahi. Alikuwa anachambua mchele, na aliuchambua kwa nguvu zaidi alipomaliza kusikia. "Mngekubali tu. Mpanda ngazi hushuka, mnajifanya nani? Kwa hali ya mwanangu, wamewakalisha, wameongea nanyi vizuri, mnataka nini tena?"

"Mama," dada akasema, "tulienda kununua. Hatukwenda kuomba."

Mama akarudi kwenye mchele.

Wiki iliyofuata meneja alimpigia dada simu akiwa kazini, kwa namba walizoacha kwenye kitabu cha wageni. Alisema wamefikiria, angependa wazungumze kuhusu ile bei.

"Gari si langu," dada akasema. "Namba yake mnayo. Mwandikieni mwenyewe, anasoma."

Wakamwandikia. Thelathini na mbili. Randa akajibu kwa tarakimu tupu: 31. Wakaandika habari za kodi, habari za ushuru, habari za wakubwa. Akajibu: 31. Jioni wakaandika thelathini na moja na nusu. Randa aliwaonyesha mafundi wake ujumbe ule, wakacheka wote, kisha akaandika kwamba duka la mtaa wa pili limempa thelathini na moja kamili, tatizo ni rangi tu, na kwamba rangi ni jambo analoliweza. Hapo ndipo wakakubali.

Walipokwenda kuchukua gari, yule muuzaji ndiye aliyeleta funguo. Akasimama mbele ya dada.

"Dada, samahani kwa siku ile."

Dada alimwonyesha kaka yake kwa kidevu. Muuzaji akageuka, na safari hii hakupaza sauti. "Samahani, fundi."

Randa aliisoma midomo ile, kisha akasema kwa mikono kwa ufupi.

"Amenisamehe?" muuzaji akauliza.

"Anauliza tangi lina mafuta kiasi gani."

Hayakuwepo. Wakamngoja mpaka akaenda kujaza.

Mchana huo Randa alisimamisha pikapu mbele ya nyumba. Mama alitoka, akaizunguka mara mbili, akapanda mbele bila kuulizwa, akakataza nailoni ya kiti isiguswe. Jirani akaja dirishani kuuliza imenunuliwa kiasi gani.

"Walitaka thelathini na tano," mama akasema, huku akivuta mkanda asiojua kuufunga. "Tukawakatalia."