Jibu la Kwanza

Dativa aliugundua ugonjwa wa Burhani Jumamosi ya tatu na, Mungu amsamehe, akanyamaza.

Wote wawili walikuwa waajiriwa wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, Dativa tawi la Kimwani wilayani Muleba, Burhani makao makuu mjini Bukoba. Kila baada ya miaka mitatu chama kilimsomesha mtu mmoja shahada ya uzamili ya biashara, yule atakayepata alama za juu kwenye mtihani wa kuingilia. Mwaka huo wote wawili waliomba nafasi hiyo. Basi kila Jumamosi Dativa alidamka, akasafiri kutoka Muleba hadi mtaa wa Kashai mjini Bukoba, sebuleni kwa mama yake Burhani, wakafanya maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza. Sentensi moja, majibu matano. Jibu la kwanza huiacha sentensi kama ilivyo, mengine huibadilisha.

Burhani alikuwa amefundisha Kiingereza miaka tisa kabla ya kuacha chaki. Kanuni zote zilikuwa kichwani mwake, naye alimmegea Dativa bila choyo, akirudia jambo hata mara nne bila kununa. Cha ajabu, mwenyewe alama zake hazikupanda. Dativa alipozikusanya karatasi zake aliona sababu. Katika maswali mia mbili, Burhani hakuchagua jibu la kwanza hata mara moja. Kalamu nyekundu ilikuwa imemharibu: sentensi ikipita mbele yake lazima aiadhibu, ina kosa haina kosa.

Maswali kama arobaini yalikuwa yanamponyoka bure. Dativa alikuwa na miaka thelathini na minne na hamu ya kusoma iliyomkaa kooni tangu alipomaliza chuo. Akazirudisha karatasi mezani, akaomba chai.

Jumamosi ya mwisho Burhani alihesabu alama zake, akaweka penseli chini.

“Nenda wewe, dada,” alisema. “Mimi kichwa kimegoma. Nitafurahi ukienda wewe.”

Na kweli alikuwa anafurahi, ndicho kilichomuua Dativa. Angekuwa mtu wa kijicho ingekuwa rahisi. Alitazama dirishani, akajilaani kimoyomoyo, kisha akamsogezea karatasi zake zote.

“Burhani, sentensi nyingine ni nzima. Ziache.”

Burhani alipekua karatasi moja baada ya nyingine. Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama yake akaja kuuliza kulikoni.

Matokeo yalipotoka, Burhani alikuwa amempita kwa alama ishirini, na nafasi ikawa yake. Dativa aliumia, tena sana. Siku mbili Burhani alimpigia simu, naye akaiacha iite. Siku ya tatu alipanda gari, akaenda Kashai.

Burhani alimkaribisha, akamwambia kuwa bila yeye Dativa asingefika popote.

“Najua,” alisema Dativa, akaketi. “Vitabu vya mtihani niachie. Miaka mitatu si mingi.”