Kiswahili Safi cha Mzee Fortunat

Spéciose alijua tangu Ijumaa kwamba Jumapili hiyo ingekuwa ya mwisho. Miaka nenda miaka rudi amesimama kando ya wahubiri wageni katika kanisa lao la mtaa wa Ngagara, akigeuza Kiingereza chao kiwe Kiswahili, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Lakini Mzee Fortunat, mkubwa wa kamati, hakumtaka tena. Kiswahili chake, ati, ni mchanganyiko: Kifaransa humu, Kirundi mule. Neno la Mungu lahitaji lugha safi. Usafi gani huo, kama vile lugha ni shati la Pasaka!

Asubuhi, wakinywa chai, alimweleza mhubiri wa siku hiyo, Mama Chance wa Kampala, aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote. Mama Chance akacheka.

"Mwanangu, Kiingereza chenyewe ni mchanganyiko. Mabwana waliosema Kifaransa walivuka bahari wakaitawala Uingereza, na watu wakayameza maneno yao. *Grace, glory, peace*, yote yalitoka huko. *Angel* ni Kigiriki. Hata *safari* wamechukua kwetu, na hawajairudisha."

Spéciose alibaki ameshika kikombe. Lugha inayoogopwa mji mzima, kumbe imenenepa kwa kukaribisha wageni mezani. Aliipenda palepale, kwa moyo wote. Ila kupenda lugha hakulindi kazi.

Mahubiri yalipokwisha, Fortunat akasimama, akakohoa, akatamka polepole:

"Kamati imeazimia kumbadilisha mkalimani."

Watu wakamtazama tu. Kuazimia ndiyo kufanya nini? Mkalimani ni nani? Waliotoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na waliozaliwa Ngagara, hakuna aliyeyajua maneno hayo.

Sasa, desturi ya kanisa hilo ni kwamba kila linalosemwa mimbarini, mgeni atafsiriwe. Basi Spéciose akamgeukia Mama Chance, akatafsiri bila kupunguza:

"*The committee has decided to change the interpreter.*"

Minong'ono ikaanzia mbele, ikafika mlangoni. *Comité. Décider. Changer. Interprète.* Kiingereza hawakukijua, lakini maneno hayo ya Kifaransa walikuwa nayo midomoni kila siku, nayo yaliwafikia mazima.

Mama Irène, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akainuka kutoka benchi la nyuma.

"Mi ile ya Fortunat sikusikia kitu. Ya Kiingereza ndiyo nimesikia yote." Kanisa likaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. "Munataka kutoa Spéciose? Apana. Sasa Neno tutalisikia kwa nani?"

"Apana," wakaitikia, benchi kwa benchi, hata wake wa wanakamati.

Fortunat akaketi.

Mama Chance akamgusa Spéciose begani, akingoja atafsiriwe. Spéciose akajaribu, akajaribu tena. Alikuwa na lugha nne, na zote zilimkimbia.